Boneti ya Mzee Mukesh

Ukimuuliza Sada binti Salehe ule ubao wa bei ulikwenda wapi, atakwambia ulianguka. Haukuanguka hata kidogo. Aliushusha kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, Ngosha, kijana wake wa kazi, akiwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Na sababu yake ni gari moja tu, Pijo ya zamani ya rangi ya krimu.

Sada ana sehemu yake ya kazi pale Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga. Ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji na taa nyingi kuliko msikiti. Usije ukamwambia anaosha magari! Utaondoka pale bila kuagwa. Kuosha ni kutoa tope, na tope hata mvua inatoa. Kazi ya Sada ni kurudisha rangi ya gari ilivyokuwa kabla watu hawajaiharibu, na watu wa Mwanza, Mungu awasamehe, wanajua kuharibu. Wanateremsha magari hadi ufukweni wakayasugue kwa matambara yaliyojaa mchanga. Vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi wanaviacha vikaukie kwenye rangi wiki nzima, halafu wanavikwangua kwa kucha. Baada ya hapo wanampelekea Sada gari lina mikwaruzo kama utando wa buibui na kusema, “Dada, lipige polishi kidogo tu.”

Kidogo tu! Hebu nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Mkwaruzo haufutwi kama chaki. Mkwaruzo ni shimo. Ili lisionekane, unaishusha rangi yote inayolizunguka mpaka ilingane na chini ya shimo. Kwa hiyo kila gari linalotoka kwa Sada likiwaka jua limepunguzwa ngozi. Na rangi haioti tena kama ukucha. Ikiondoka, imeondoka.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Mzee Salehe ni mtu wa mjini hasa, wa zile familia za Mwanza ambazo ndani yake kuna Mmanyema, Mwarabu na Msukuma, na ukiwauliza kwao ni wapi wanakuonyesha nyumba, si kijiji. Alikuwa akipiga polishi kwa mkono, zamani kabla ya mashine, na mke wake alipofariki alikuwa akimchukua Sada kazini, anamkalisha juu ya ndoo na kumpa kipande cha flana asugue taa za mbele. Sada akakua na harufu ya nta nguoni. Aliolewa Kisesa, ndoa ikamshinda, akarudi. Baba yake hakumuuliza neno. Alimpa flana tu.

Mzee Salehe alikuwa na desturi yake. Hakutaja bei kabla ya kulizunguka gari pamoja na mwenye gari. Si peke yake, la, pamoja. Wanakwenda polepole, kiganja cha mzee kikiteleza juu ya bati, na kila kinapokwama anasimama na kuuliza, “Hapa je?” Mwenye gari anaanza kusimulia. Hapa mke wangu aligonga geti. Hapa mbuzi alipanda tulipokuwa msibani Magu. Mzee anasikiliza, anatikisa kichwa, wanasogea. Wakimaliza kuzunguka chai imepoa, na hapo ndipo bei inatajwa.

Sada alikuwa haipendi desturi hiyo. Alikuwa anaona foleni ya wateja inageuza na kwenda kwingine.

“Baba, hapa ni kazini au barazani?” alimwambia siku moja.

“Mwanangu, gari si nyanya useme utauza kwa fungu.”

“Basi wateja watanunua nyanya kwingine.”

Mzee alicheka tu. Sada alikuwa amesoma chuo cha ufundi, akanunua mashine ya kuzungusha, taa za kumulikia mikwaruzo, na kile kipimo kidogo cha kuwekwa juu ya bati kikakutajia unene wa rangi. Mwisho akaandika ubao wa bei, kwa rangi nyekundu: gari dogo, gari kubwa, basi dogo. Mtu asimame, asome, alipe, aondoke. Ni kweli kuna nyakati ubao ulimtia hasara, kwa sababu magari mawili ya kimo kimoja yanaweza kutofautiana kama mgonjwa na mzima, na Sada alishasugua siku nzima gari lililoungua na jua kwa bei ya gari la kufutwa vumbi. Bei imeandikwa, na binti Salehe hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Sasa, Mzee Mukesh. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na ile Pijo aliinunua ikiwa mpya, akaipenda kuliko inavyopasa mtu kupenda chuma. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Diwali aliileta kwa Salehe na kwa mtu mwingine yeyote hakuipeleka. Wazee wawili hao walikuwa wakielewana bila kusema sana. Mukesh akifika, anaketi kwenye kiti cha mbao, anafungua gazeti, na Salehe anaanza.

Mara ya mwisho walipofanya hivyo Sada alikuwepo, anashughulika na gari jingine. Baba yake alipomaliza, Sada alikuja na taa yake akaimulika ile Pijo, na katikati ya boneti, karibu na kioo, akaona sehemu ya ukubwa wa kiganja haijaguswa kabisa. Imefifia, ina uwekunduwekundu hivi, na pembeni yake rangi inang'aa. Mteja wa miaka yote, na kazi kama hii!

“Baba, umeruka hapa.”

“Hapo pako sawa,” alisema mzee.

“Pako sawa wapi? Baba, macho yamechoka. Lete mashine.” Na akaichukua mashine mkononi mwa baba yake, mbele ya Ngosha, mbele ya Mzee Mukesh na gazeti lake.

Mzee Mukesh alisimama upesi. “Acha, binti, acha hivyo hivyo. Imetosha. Nina haraka.” Akachukua ufunguo, akampa Salehe mkono, akaondoka.

Sada aliona aibu mpaka masikioni. Alidhani yule Mhindi amemhurumia mzee asiyeona. Na Salehe jioni hiyo alikunja flana zake, akaziweka kwenye ndoo, akasema magoti yanamuuma, angekaa nyumbani kidogo. Kidogo hicho hakikuisha. Sada akamnunulia miwani na dawa ya matone, na kila Ijumaa akipanda mlima wa Igogo, nyumbani kwa mzee, kumsalimia alimkuta amevaa miwani, akamuuliza, “Macho vipi, baba?” naye akajibu, “Alhamdulillahi, yanasaidia.” Sada akashukuru. Lakini Pijo haikurudi tena. Diwali ikapita, na nyingine, na nyingine. Hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa sato. Wateja wapya aliwapata wengi, ila alimtaka yule mmoja, aone kwamba mkono wa binti unazidi mkono wa baba.

Mzee Mukesh akafariki bila kurudi.

Ilikuwa karibu mwaka unatimia tangu msiba huo pale Pijo ilipoingia bandani, inaendeshwa na dereva, na nyuma ameketi mjane wake, Jasuben, ambaye mji mzima unamwita Mama Jitesh. Sari nyeupe, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Sada aliacha kila alichoshika.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Baba yako yupo?”

“Anapumzika nyumbani, mama. Macho.”

“Macho?” Mama Jitesh alimtazama kama aliyesikia habari ngeni. “Salehe ana macho gani?”

“Uzee, mama. Sasa kazi naifanya mimi.”

Mama akaigeukia Pijo. Ilikuwa imekaa imefunikwa turubai tangu msiba, na turubai lilikuwa limesugua vumbi kwenye rangi kila upepo ulipovuma. Ilikuwa imechakaa, imefifia mpaka unaihurumia.

“Jumapili ndugu zake wanakuja, mwaka umetimia,” alisema. “Nataka ikae uani kama alivyoiacha yeye. Jitesh anasema tuiuze, mimi nimesema hapana, kuna kitu changu humo. Wewe ni binti Salehe. Unajua.”

“Najua, mama,” alisema Sada.

Alijua nini? Hakujua kitu! Neno moja tu, “mama, tuzunguke,” lingetosha. Kuuliza si ujinga, watoto wa darasa la kwanza wanaimbiwa hivyo. Lakini alisikia “kama alivyoiacha” akaelewa “kama mpya,” na kwa sababu amekwisha kusema anajua, angeuliza vipi? Akanyoosha mkono kuuonyesha ubao. Gari dogo. Mama Jitesh akausoma, akatikisa kichwa polepole, akarudi nyumbani kwa gari la kukodi.

Haki ya Mungu, Sada hajawahi kufanya kazi kama ile. Rangi ya magari ya zamani haina ule utando mgumu unaowekwa juu siku hizi. Unasugua rangi yenyewe, na ukizidisha sekunde chache tu unakutana na bati. Alipima kila mahali kabla ya kugusa. Milango ilikuwa imepungua sana, mabega ya gari yamebaki kama karatasi, maana Salehe alishaisugua miaka na miaka. Alikwenda kwa mkono mahali ambapo mashine ingeua. Kwa bei ya ubao ule alikuwa anafanya kazi ya mara tatu, na wala hakujali. Alikuwa anamfanyia Mzee Mukesh, aone huko aliko.

Kisha akafika katikati ya boneti. Lile doa lilikuwa pale pale, la ukubwa wa kiganja, wekundu uliopauka kama mchuzi uliofuliwa usitoke. Akaweka kipimo. Namba ikapanda. Akakiinua, akaweka tena. Pale tu, gari zima, rangi ilikuwa nene kama siku ilipotoka kiwandani.

Fundi yeyote mwenye akili iliyotulia angejiuliza kwa nini. Rangi haiwi nene peke yake. Mtu ameipitia boneti hii miaka yote, na miaka yote mkono wake umefika hapa ukakwepa. Lakini Sada alifurahi. Alijisemea, afadhali, hapa kuna nyama ya kukata.

Ngosha akainama, akapitisha ukucha. “Bosi, hii siyo kutu. Kutu ingekwaruza. Tumpigie simu mama?”

“Tumpigie tumwambie nini? Kwamba binti Salehe ameshindwa na doa?”

Sada akachukua msasa mwembamba wa maji, akausugua kwenye doa kwa mduara, taratibu, maji yakitiririka ya waridi kidogo, halafu ya krimu. Akafuatisha dawa ya kukata mikwaruzo ya msasa, polishi na nta. Alipomulika taa hakukuwa na kitu. Boneti ilikuwa laini, sawasawa, kama maziwa kwenye bakuli.

Mama Jitesh alikuja Jumamosi mchana na dereva wake. Aliteremka, akasimama, na machozi yakamlenga. Sada akajiona amefika. Mama akaizunguka Pijo kutoka nyuma, kiganja kikiteleza juu ya bati, na Sada akakumbuka kiganja kingine. Alipofika mbele aliinama. Akainamisha kichwa upande huu, halafu upande ule, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akaweka kiganja pale katikati.

“Iko wapi?”

“Nini, mama?”

“Alama. Alama ya Mukesh.”

Sada akakitazama kiganja cha mama juu ya boneti tupu.

“Siku gari lilipofika,” alisema mama, na sauti yake haikupanda, afadhali ingepanda, “alichovya kidole kwenye unga mwekundu wa sala akachora hapa alama ya heri. Jua likaichoma ikaingia ndani. Kila Diwali alipitisha kidole chake juu ya mistari ile ile. Nilikuwa nikija uani asubuhi, jua likiwa bado liko chini, ninaona ulipopita mkono wake. Hicho ndicho nilichokuwa nacho humo. Gari lenyewe mimi silijui hata kuendesha.”

“Mama, nilidhani... Labda uchore wewe, mama, mahali pale pale...”

“Mimi ni mjane. Kwa wazee wangu mjane hashiki unga ule.”

“Basi Jitesh.”

“Jitesh ana kidole chake.”

Ngosha alitoka nje. Sada akasema samahani, akasema tena, akaisikia inavyotoka nyepesi. Mama Jitesh alikuwa ameshafungua mkoba.

“Mama, usinilipe. Nakuomba.”

“Chukua. Kazi umefanya, na bei uliiandika mwenyewe ukutani.” Akaziweka pesa juu ya kiti cha mbao, kile alichokuwa akikalia mumewe. Alipokuwa anaingia garini aligeuka. “Siku ya kwanza kabisa Salehe alizunguka na sisi wote wawili. Akaweka kiganja pale akauliza, hapa je? Mukesh akamwambia, hapo fundi usiguse. Hakugusa hata mara moja. Nilidhani alikwambia.”

Pijo ikatoka bandani ikiwaka, watu barabarani wakageuza shingo kuitazama. Sada akasimama peke yake na kile kipimo mfukoni. Hapo pako sawa, baba yake alikuwa amesema. Ndipo ile namba iliyopanda ikampiga kifuani. Miaka yote ile, kwa flana na baadaye kwa mashine, mkono wa mzee ulizunguka kiganja kimoja cha rangi bila kukigusa hata ukingoni, na huo ndio mkono alioupokonya mashine akisema hauoni.

Akapanda juu ya ndoo akaushusha ubao, Ngosha akimtazama kutoka mlangoni. Kisha akaondoka bila kunawa, vumbi jeupe la polishi likiwa bado mikononi.

Haikuwa Ijumaa, na hakupiga simu. Alipanda ngazi za mawe za Igogo huku pumzi ikimkata. Baba yake alikuwa ameketi nje, juu ya lile jiwe kubwa lililopakana na ukuta wa nyumba, anatazama ziwa. Hakuwa na miwani. Ilikuwa imekunjwa kando yake, juu ya kofia.

“Kivuko cha Kamanga leo kimechelewa,” alisema mzee bila kugeuka, akidhani ni jirani. “Na wamekipakia vibaya. Lile lori la bluu wameliweka nyuma, na yule mwenye baiskeli kasimama ukingoni kabisa. Ataanguka yule.”

Sada alitazama majini. Aliona kivuko, kidogo kama punje, na zaidi ya hapo hakuona kitu.

“Shikamoo, baba.”

Mzee akashtuka. Mkono ukaenda upesi kwenye miwani, akaivaa, ndipo akageuka. “Marahaba, mwanangu. Kulikoni leo?”

Sada alikaa chini, kwenye vumbi, miguuni pa baba yake, akamweleza yote. Hakuficha neno, wala lile la “najua.” Mzee alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza wenye magari.

“Umeitoa yote?”

“Yote, baba.”

“Ulizunguka naye?”

“Sikuzunguka.”

Mzee akashusha pumzi.

“Baba, macho yako ni mazima.”

“Mazima.”

“Kwa nini hukuniambia? Siku ile, kwa nini hukuniambia?”

“Ile ilikuwa siri ya mteja, na yeye mwenyewe yupo pale. Ningeisema mimi?” Mzee alivua miwani, akaishika magotini. “Halafu ulivyoichukua mashine, mbele za watu vile, nikasema moyoni, mtoto huyu anataka nafasi yake na hajui namna ya kuiomba. Mtoto akitaka nafasi, baba anasogea. Nikasogea.”

“Sikutaka nafasi yako!” Sada alilia kwa sauti, kama mtoto, jirani akachungulia dirishani. “Nilidhani huoni. Wallahi baba, nilidhani huoni tu.”

“Kumbe,” alisema mzee.

Aliitazama ile miwani mikononi mwake, akaifuta kwa ncha ya kanzu, vioo vyote viwili, taratibu. Kisha akamwekea binti yake kiganjani, juu ya vumbi la polishi, akamfunga vidole.

“Kesho tutakwenda kwa Mama Jitesh, kabla ndugu hawajafika,” alisema. “Mimi nitamuuliza. Wewe utasikiliza.”